Kesho Nakwenda au Kesho Nitakwenda?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha hapa kwa ajili ya wale waliokosa kuyasikiliza na wale wanaopenda kuyahifadhi.)

Juma hili tunajibu swali lililotoka Mabibo, Dar es Salaam. Mwenye swali ni mzazi wa mtoto aliye kidato cha pili. Anasema mtoto wake amefundishwa kwamba katika Kiingereza wakati uliopo ni wa mambo ya sasa, wakati ujao ni wa mambo yajayo, na kwamba wakati ujao hutambulishwa na neno "will". Mtoto ameshika somo vizuri. Tatizo lilianza alipofungua gazeti la Kiingereza na kukuta maneno haya: "The President leaves for Addis Ababa tomorrow." Kesho, na hakuna "will" hata moja. Mzazi anauliza: je, aliyekosea ni mwandishi wa gazeti au ni mwalimu?

Jibu fupi ni kwamba mwandishi hakukosea, na alichosema mwalimu si uongo. Ila somo halijakwisha. Waingereza hutumia wakati uliopo kwa mambo ya kesho kila siku, na huutumia kwa utaratibu wenye maana. Hilo ndilo tutakalolieleza. Tena tutaonyesha kwamba mtoto wa Mabibo anaujua sehemu kubwa ya utaratibu huo tangu alipojifunza kusema, kwa sababu Kiswahili chake nacho hufanya hivyo.

Huenda baadhi yenu mkasema hili ni jambo dogo la darasani. La hasha. Tangu mwaka 1967 karibu shule zetu zote za msingi za serikali zimefundisha masomo yote kwa Kiswahili, isipokuwa somo la Kiingereza lenyewe. Mtoto akiingia kidato cha kwanza anakutana na baiolojia, jiografia na hesabu kwa Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliichunguza hali hiyo wakaona kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kubeba masomo hayo. Na Kiingereza hakiishii shuleni. Matangazo ya vyuo, barua za usaili na mikataba ya kazi aghalabu huandikwa kwa lugha hiyo. Katika maandishi hayo tarehe za mwisho hutajwa kwa wakati uliopo. Asiyeusoma vizuri wakati huo anaweza kupoteza nafasi aliyoihangaikia kwa miaka.

IJUMAA IPI?

Hebu tuchukue mfano. Binti amemaliza shule na anataka kujiunga na chuo. Hapo Mabibo penyewe kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na kuna hosteli kubwa ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo si ajabu binti wa Mabibo kuwa na hamu ya chuo. Tuseme amesimama mbele ya ubao wa matangazo wa chuo fulani, anasoma: "Registration closes on Friday."

Binti anakumbuka somo. Umbo hili la "closes" ni la mambo ya desturi, yale ambayo Kiswahili huyasema kwa "hu-". Jua huchomoza mashariki, "the sun rises in the east". Basi anatafsiri: usajili hufungwa Ijumaa. Anaelewa kwamba kila Ijumaa ofisi ya usajili haifanyi kazi. Anajiwekea nia ya kwenda Jumatatu, akiwa amevaa vizuri na vyeti vyake vikiwa kwenye bahasha. Jumatatu anafika na kuambiwa kwamba usajili ulikwisha tangu Ijumaa.

Binti huyu hakukosa akili wala bidii. Alikosa sehemu ya pili ya somo. Maana ya tangazo lile ilikuwa "mwisho wa usajili ni Ijumaa hii". Umbo moja la Kiingereza lina kazi mbili. Linasema desturi, na linasema jambo moja lijalo ambalo limekwisha kuwekwa katika ratiba. Kinachotofautisha kazi hizo ni maneno yanayolizunguka, na wakati mwingine ni herufi moja tu. "Closes on Friday" ni Ijumaa moja, hii inayokuja. "Closes on Fridays", yenye "s" mwishoni, au "closes every Friday", ni kila Ijumaa. Ndugu wasikilizaji, waonyesheni vijana wenu hiyo "s".

KISWAHILI CHA MABIBO

Sasa tukiache Kiingereza kidogo, tusikilize Kiswahili chetu. Nenda soko la ndizi la Mabibo, lile linaloitwa Mahakama ya Ndizi. Muulize mfanyabiashara habari za mzigo wake. Atakujibu: "Mzigo unaingia kesho alfajiri." Muulize jirani habari za nyumbani kwake: "Binti yangu anaolewa Jumamosi." Waulize vijana wa kijiweni: "Simba na Yanga wanacheza Jumapili." Mpigie simu ndugu yako aliye safarini: "Kesho narudi." Katika sentensi zote hizo hakuna "-ta-" hata moja. Zote zina wakati uliopo, na zote ni za mambo ambayo bado hayajatokea. Na hakuna msikilizaji hata mmoja anayechanganyikiwa akadhani bibi harusi anafungishwa ndoa wakati huo huo.

Wapo watu wanaopenda kusahihisha wenzao. Husema kwamba "kesho nakwenda" ni Kiswahili kibovu, eti sharti useme "kesho nitakwenda". Watu hao wanaikosesha lugha utajiri wake, kwa maana maneno hayo mawili hayana maana moja.

Ukisema "Kesho nakwenda Tanga", unamwambia mwenzako kwamba jambo limekwisha kupangwa. Pengine tiketi unayo, umeomba ruhusa kazini, na wenyeji wako wanakungoja. Ukisema "Kesho nitakwenda Tanga", unaweza kuwa na mipango hiyo hiyo, lakini neno lenyewe halinionyeshi. Linanipa nia yako, au ahadi yako, au ubashiri wako. Mwenye nyumba anayedai kodi anaijua tofauti hii kuliko wanaisimu. Mpangaji akimwambia "Nitakulipa tu, baba", anakuna kichwa. Akimwambia "Ijumaa napokea mshahara, jioni nakuletea", angalau moyo unatulia kidogo, kwa sababu sasa kuna siku na kuna mpango.

Ushahidi mzuri zaidi ni Sikukuu ya Idi. Siku chache kabla ya mwisho wa Ramadhani, mtu makini akiulizwa Idi ni lini husema: "Itakuwa Ijumaa au Jumamosi, kutegemea mwezi." Anatumia "itakuwa" kwa sababu jambo halijathibitika. Mwezi ukishatangazwa kuonekana, usiku ule ule lugha inabadilika. Watu wanapigiana simu: "Kesho ni Idi." Idi yenyewe bado haijafika, na umbali wake ni ule ule wa kulala na kuamka. Kilichobadilika ni kwamba sasa jambo limethibitika, na lugha imehama kutoka wakati ujao kuja wakati uliopo. Mwingereza naye angefanya vivyo hivyo. Kabla ya mwezi angesema "Eid will be on Friday or Saturday", na baada ya mwezi angesema "Eid is tomorrow". Krismasi haingoji mwezi. Kwa hiyo hata mwezi Machi utasikia "Christmas is on 25 December".

Hapo ndipo kilipo kiini cha jibu letu. Wakati uliopo, unapotumika kwa jambo lijalo, hausemi kwamba jambo linatokea sasa. Unasema kwamba jambo limekwisha kuamuliwa sasa. Uamuzi ni wa leo, tukio ni la kesho. Mtoto akilishika hilo, mengine yote ni matawi.

UMBO FUPI NA UMBO REFU

Tofauti iliyopo ni kwamba Kiswahili kina "-na-" moja kwa kazi hii, na Kiingereza kina maumbo mawili. Tuyaite umbo fupi, kama "leaves", na umbo refu, kama "is leaving". Hapa ndipo mwanafunzi anapotakiwa kuchagua, na hapa ndipo tafsiri ya neno kwa neno inapomwacha njiani.

Umbo fupi ni la ratiba, kalenda na sheria. Ni la mambo yaliyopangwa na mamlaka, kampuni au maumbile, ambayo wewe na mimi hatuwezi kuyasogeza. Kwa miaka mingi kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilikuwa Ubungo, jirani kabisa na Mabibo, kabla ya kuhamishiwa Mbezi mwaka 2021. Abiria wa kituo chochote anayeuliza basi la Mwanza linaondoka saa ngapi kesho anaulizia ratiba. Kwa Kiingereza jibu ni "It leaves at six". Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 ina ratiba yake, nayo husemwa kwa umbo hilo hilo: inaondoka, "it leaves", inafika, "it arrives". Mwaka mpya wa fedha wa serikali unaanza Julai Mosi: "The new financial year begins on 1 July." Mkataba wa pango unakwisha: "The lease ends on 30 June." Leseni inakwisha muda wake: "The licence expires in March."

Hapo kuna mtego mwingine wa kukumbusha kwa haraka. Saa za Kiingereza huhesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, na zetu huanzia macheo na machweo. "Leaves at six" ya asubuhi ni saa 12 kwetu. "The interview is at 8.00 a.m." ni saa 2 asubuhi. Kijana anayefika saa 8 mchana atawakuta wenzake wamekwisha kuhojiwa na kuondoka.

Umbo refu ni la mipango ya watu. Ni la jambo nililolipanga mimi, aghalabu pamoja na mtu mwingine, na ambalo ningeweza kulibadilisha kwa kuwaarifu wahusika. "I am leaving tomorrow", kesho naondoka. "My sister is getting married on Saturday", dada yangu anaolewa Jumamosi. "We are meeting the landlord on Sunday", Jumapili tunakutana na mwenye nyumba. Ukumbi umelipiwa, watu wameambiwa, siku imetajwa.

Linganisheni sentensi hizi mbili: "Basi linaondoka saa 12" na "Naondoka na basi la saa 12". Kwa Kiswahili zote zina "-na-". Kwa Kiingereza ya kwanza ni "The bus leaves at six", na ya pili ni "I am leaving on the six o'clock bus". Basi linafuata ratiba ya kampuni, mimi nafuata mpango wangu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "Tomorrow I go to Kariakoo" ataeleweka, lakini masikioni mwa Mwingereza atakuwa kama mtu anayejisomea ratiba ya msafara. Safari ya kawaida ya kwenda Kariakoo ni "I am going to Kariakoo tomorrow".

JAMBO LISILOPANGIKA

Ikiwa wakati uliopo ni wa mambo yaliyopangwa, basi hauwezi kutumika kwa mambo yasiyopangika. Hili nalo Kiswahili kinalijua. Hakuna mtu anayesema "Kesho mvua inanyesha" akiwa anabashiri tu. Husema "Kesho mvua itanyesha", kwa sababu mvua haina ratiba wala haikuahidi mtu. Kwa Kiingereza pia "It is raining tomorrow" haisemwi. Husemwa "It will rain tomorrow".

Mpira wa miguu unatufundisha vizuri zaidi. "Simba play Yanga on Saturday" ni sawa, kwa maana mchezo umo katika ratiba ya ligi. Lakini ukiandika "Simba beat Yanga on Saturday", na Jumamosi yenyewe bado haijafika, msomaji atauliza ni nani aliyeuza mechi. Kucheza kumepangwa, kushinda hakukupangwa. Sharti useme "Simba will beat Yanga", na hapo unakuwa umebashiri kama mtu mwingine yeyote.

Mtasema, mbona shabiki wa Kiswahili husema "Jumamosi Yanga anafungwa"? Ni kweli husema, na wa upande wa pili humjibu kwa maneno yayo hayo. Lakini sikilizeni sauti yake. Anajigamba. Analichukua jambo lisilopangika na kulivika nguo za jambo lililokwisha kuamuliwa, na utani wa jadi unapata ladha yake hapo. Kama wakati uliopo usingekuwa na maana ya "limekwisha kuamuliwa", majigambo hayo yasingekuwa na ukali wowote.

PALE NJIA ZINAPOACHANA

Tusije tukadhani kwamba kila "-na-" ya kesho ina wakati uliopo kwa Kiingereza. Kuna mahali ambapo lugha hizi mbili huachana, napo ni pale mtu anapoamua au anapoahidi jambo papo hapo. Katika simu tunasema "Nakupigia baadaye". Uamuzi umefanywa sasa hivi, haukupangwa kabla. Mwingereza hutaka "will" hapo: "I'll call you later." Akisikia "I am calling you later", atajiuliza mpango huo ulifanywa lini. Vivyo hivyo ukimwona mzee amebeba mzigo ukamwambia "Nakusaidia, mzee", Kiingereza chake ni "I'll help you".

Mfano unaowachekesha wageni kila siku ni wa dukani. Muuza duka anakuhudumia, mara anaitwa uani. Anageuka na kwenda zake huku akisema "Nakuja". Sisi tumeelewa: anaondoka, atarudi. Akilisema hilo kwa Kiingereza, "I'm coming", mgeni atashangaa kumwona mtu anayekuja akipotelea mlango wa nyuma. Kwa Mwingereza "I'm coming" ni la mtu anayemwelekea aliyemwita. Anayeondoka ili arudi husema "I'll be back in a minute".

Lipo pia umbo la "going to", ambalo nalo ni wakati uliopo kwa sura yake. Hutumika kwa nia ambayo mtu alikuwa nayo tangu kabla, au kwa jambo ambalo dalili zake zinaonekana. Mawingu yakitanda, Mwingereza husema "It is going to rain". Siku hizi tafsiri ya neno kwa neno ya umbo hili imeingia katika Kiswahili cha mikutano na cha vyombo vya habari: "tunakwenda kuona", "serikali inakwenda kujenga", wala hakuna anayekwenda popote. Kiswahili kina neno lake la asili kwa maana hiyo. Wazee wakitazama mawingu husema "Mvua inataka kunyesha". Abiria husema "Kimbia, gari linataka kuondoka". Hilo "inataka" ndilo "is going to" la kweli.

AKIJA NA ATAKAPOKUJA

Tumefika mahali ambapo wanafunzi wetu hupoteza alama nyingi kuliko pengine popote. Tazameni sentensi hii inayoonekana katika madaftari mengi: "When he will come, I will tell him." Mwalimu anapiga mstari mwekundu chini ya "will" ya kwanza. Mwanafunzi haelewi, maana jambo ni la baadaye. Kosa ni lipi?

Kanuni ya Kiingereza ni kwamba baada ya "when", "if", "until", "before" na "as soon as", zinapotaja wakati au sharti la jambo lijalo, kitenzi huwekwa katika wakati uliopo. "When he comes, I will tell him." "Will" hutajwa mara moja tu, katika sehemu kuu ya sentensi, na sehemu ya pili huegemea hapo.

Kwa nini mwanafunzi wetu hukosea? Kwa sababu Kiswahili kina njia mbili za kusema jambo hilo, naye ametafsiri ile isiyofaa. Njia ya kwanza ni "Atakapokuja nitamwambia". Humo mna wakati ujao mara mbili, na akiutafsiri wote atapata "will" mbili. Njia ya pili ni "Akija nitamwambia". Hilo "-ki-" halibebi wakati ujao hata kidogo. Wakati ujao umebebwa na "nitamwambia" peke yake, na "akija" imeegemea hapo. Hiyo ni kanuni ile ile ya Kiingereza. Kwa hiyo, mwanafunzi, kabla hujaandika, igeuze sentensi yako kichwani iwe ya "-ki-", ndipo uandike. Ukifika, nipigie: "When you arrive, call me." Mvua ikinyesha, hatutakwenda: "If it rains, we will not go." Na ukitaka kusema "nikishamaliza", lile "-sha-" la kukamilisha lina mwenzake, "when I have finished".

Kuna swali moja hufuata hapo. Mbona Waingereza husema "I don't know when he will come", na "will" imo baada ya "when"? Kipimo ni rahisi, nacho kimo katika Kiswahili. Sentensi hiyo ni "Sijui atakuja lini". Ile "when" ni "lini", yaani neno la kuuliza. "When" ikiwa ni "lini", acha "will" yako. "When" ikiwa ni "-ki-" au "-po-", iondoe. Vivyo hivyo "Sijui kama atakuja" ni "I don't know if he will come", lakini "Akija" ni "If he comes".

KUTAKA NA KUWA

Mtu anaweza kuuliza, imekuwaje lugha mbili zisizo na undugu zifanane hivi? Kiingereza cha kale, kile cha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, hakikuwa na umbo maalumu la wakati ujao. Kilikuwa na wakati uliopita na wakati usiopita, na huo wa pili ulitumika kwa leo na kwa kesho pia. Neno "will" wakati huo lilikuwa kitenzi cha kawaida chenye maana ya kutaka, na "shall" lilikuwa na maana ya kuwajibika. Taratibu "nataka kwenda" ikawa "nitakwenda". Masalia ya maana ile ya kale yapo hadi leo. Katika ombi la adabu kama "If you will wait here", "will" huruhusiwa baada ya "if" kwa sababu maana yake ni "ukikubali kungoja hapa".

Sasa itazameni "-ta-" yetu. Katika "atakuja" ni fupi, lakini katika "atakapokuja" na "atakayekuja" inajionyesha nzima: "-taka-". Nayo inatokana na kutaka. Lugha hizi mbili, kila moja kwa njia yake, zimetengeneza wakati ujao kutokana na neno la kutaka. Binadamu hawezi kuiona kesho. Awezacho ni kuitaka, kuiahidi, kuibashiri, au kuitangaza kuwa imekwisha kupangwa. Anapoitaka au kuibashiri husema "nita-" au "will". Anapoitangaza kuwa imepangwa hurudi kwenye wakati uliopo.

Kwa walimu, ombi letu ni moja. Ile jedwali ya ubaoni inayosema "-na-" ni wakati uliopo wa Kiingereza na "-ta-" ni "will" ifae kwa juma la kwanza tu. Baada ya hapo mfundisheni mtoto kujiuliza maswali matatu. Je, jambo hili limo katika ratiba au kalenda? Atumie umbo fupi. Je, limepangwa na watu? Atumie umbo refu. Je, ni ahadi, ubashiri, au uamuzi wa papo hapo? Atumie "will". Na baada ya "when" na "if" zisizokuwa maswali, akumbuke "-ki-". Mifano msiitafute London. Ipo sokoni, kituoni, uwanja wa mpira na usiku wa kuamkia Idi.

Kwa wazazi, msiwacheke watoto wanaosema "kesho nakwenda", wala msiwaambie kwamba Kiswahili hakina utaratibu. Utaratibu upo, na mtoto anaoujua katika lugha yake ataushika upesi zaidi katika lugha ya pili. Na yeyote anayekwenda kusoma tangazo la Kiingereza lenye "closes", "ends" au "expires", atazame tarehe mara mbili, kisha aende mapema.

Juma lijalo tunazungumzia maneno ya adabu katika barua za Kiingereza za kuomba kazi.